Shikamoo ya Mlango

Siku hizi milango husalimia watu kwa umri wa mwili, si wa cheti. Siwema, mwenye miaka arobaini na mbili, alizoea kuambiwa "Mambo?" na mlango wake. Jioni ile ukamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Mlango mwongo huu!" alifoka.

Mumewe Mbaruku alimletea maji baridi. "Hedhi yako imeruka mara mbili, mke wangu. Unalowa jasho feni ikiwaka, na jana ulitafuta funguo ukiwa umezishika. Huenda hedhi inaanza kuaga. Kesho twende wote kwa daktari, atatusaidia."

Asubuhi, kila mlango waliopita ukamwamkia Siwema kwa sauti, na waliokuwa ndani wakasikia. Mbaruku akambana mkono, akamnong'oneza:

"Mambo, mrembo?"