Lori Lililozoea Kuzima Miasenyi

Injini ilikohoa, lori likatetemeka, likazima. Hillary aliliacha lijiburute hadi pembeni mwa barabara. Mkewe, Wakesho, hakuhitaji kuuliza wamefika wapi. Alichungulia dirishani akaliona bango: HOTELI YA ELSIE, MIASENYI.

"Si nilisema?" alimwambia fundi Jaffar, aliyebanwa katikati yao. "Lori lina macho hili. Limepita Maungu kote bila kuchoka, limeona chapati za Elsie, likachoka."

"Mama Wakio, acha maneno," Hillary alisema.

"Nitaacha fundi akisema ni ugonjwa wa gari. Akisema ni mguu wako unaolizima, tukirudi nyumbani Mwanda kila mtu atatafuta njia yake."

Hakuwa akitania. Kwa miezi kadhaa sasa, lori la kabichi lilishuka milima ya Taita salama, likajaza dizeli Voi, kisha likakata roho hapa hapa. Likipumzika, linawaka. Hillary hakuamini fundi yeyote, akajitengenezea mwenyewe uani: akabadilisha filta, akabadilisha mipira ya kupitishia dizeli, akapiga pampu ya mkono kutoa hewa. Lori likanguruma vizuri, watu wakampongeza, na safari iliyofuata likazima tena. Na kila lilipozima, yeye alirudi nyumbani ameshiba. Chakula cha Wakesho kililala sufuriani. Ndiyo maana leo Wakesho alimpitia Jaffar pale Voi, akamsukuma ndani ya kebini, na yeye mwenyewe akapanda.

Elsie alitokea mlangoni akijifuta mikono kwa leso, uso umejaa tabasamu. Alipomwona Wakesho, tabasamu likakauka. Akarudi ndani.

"Umeona?" Wakesho alisema. "Hata karibu hakuna. Mgeni gani huyo asiyekaribishwa hotelini?"

Jaffar alifungua boneti. Mambo ya wanawake hayakumhusu. Alishika mpira huu na ule, akanusa filta, akaguna. Kisha akaenda kwenye tangi, akazungusha kifuniko.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuu! Pumzi ndefu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Washa," Jaffar alisema.

Lori likawaka palepale.

Jaffar alikigeuza kifuniko juani. "Hapa pana kitundu cha kupumulia. Dizeli ikitoka, hewa sharti iingie. Sasa mtu amekiziba kwa gundi ya chuma. Injini inanyonya, inanyonya, ikifika huku haipati kitu. Nani aliyewafanyia wema huu?"

"Si mimi," Hillary alisema. "Haki ya Mungu, si mimi."

Kicheko kilimpanda Wakesho kifuani, mahali wivu ulipokuwa umekaa muda wote huo. Kumbe lori liliugua kweli! Kumbe mume wake hakuwa akisimama hapa kwa kupenda. Akamfuata Hillary alipokuwa akishuka, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arusi yao.

"Nisamehe, Baba Wakio. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mwezi wa tatu watu waliniambia una mwanamke Miasenyi, eti unamletea dizeli auze. Nikatazama tangi, nikaona kile kitundu. Nikajua ndipo unapopitishia mpira mwembamba wa kunyonya. Nikakiziba."

Jaffar alicheka hadi akakaa juu ya tairi la akiba. "Mama, wewe umemkaba koo mgonjwa, halafu ukamlaumu kwa kuzimia!"

"Cheka, fundi, nimestahili." Wakesho naye alicheka, machozi yakimtoka. "Wivu ulinitia ujinga. Nimemtukana mtoto wa watu bure, sokoni na kanisani. Hebu niingie nimwombe Elsie msamaha, halafu atupakulie sote."

Alikuwa amekwisha kupiga hatua Hillary alipomshika bega, akamzuia. Jasho lilikuwa limemtoka. Alitazama mlango wa hoteli, kisha akatazama viatu vyake.

"Mwezi wa tatu walikudanganya, Mama Wakio," alisema. "Elsie nilimjua baadaye, lori lilipoanza kuzima hapa."