Toleo la Ijumaa

Miaka hiyo katuni ya mtandaoni yenye wasomaji haikuruhusiwa kuisha. Mchoraji akifa, mashine iliendelea kuchora kwa mkono wake, na wasomaji walipiga kura kuamua nini kitokee.

Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi Nyamizi aliacha chai ipoe, akafungua simu kumtazama mwanawe. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa tangu Lubango afariki, lakini kwenye katuni yake, alimojichora yeye na mama yake, bado alimtania mama jikoni na kuunguza maandazi.

Ijumaa moja toleo jipya lilionyesha mama akizikwa. Wasomaji walikuwa wamemchoka.

Nyamizi aliwapigia simu wenye katuni, akapokea msichana. "Mwanangu, yule mama ni mimi, na nipo hai. Nirudisheni, au muizime kabisa."

"Pole sana, mama," msichana alijibu. "Kura zikishapita hatuna la kufanya. Na kuizima hairuhusiwi, ina wasomaji laki mbili."

Binti yake, Kabula, alimsihi aache kuisoma. "Mama, unajitonesha kidonda."

"Nisipoisoma, nitamwona wapi?"

Ijumaa iliyofuata Lubango alikuwa ameoa, amehamia mji mwingine, amenenepa. Mkewe akamwuliza habari za mama yake. Lubango akacheka kicheko chake kilekile, cha mwanya, akasema, "Hata sura yake siikumbuki vizuri."

Nyamizi aliitazama picha ile mpaka kioo cha simu kikazimika. Akakigusa, kikawaka tena.