Vitabu Vyembamba

Jumamosi ile Tomasi alimchagulia mzee Dominiko kitabu cha kurasa arobaini, na hapo ndipo Agnes, mke wa mzee, alipogundua kwamba vitabu vinazidi kuwa vyembamba.

Cha kwanza kilikuwa na kurasa mia tatu. Cha pili, mia moja na themanini. Cha tatu, tisini. Agnes alifundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mambo kama haya hayampiti.

Walikuwa wasomaji wanne tu, na walikutana kila Jumamosi saa kumi jioni katika duka la vifaa vya shule la Laxmi, pale Mwembesongo. Kila mmoja alieleza anasoma nini wiki hiyo, kisha akamchagulia mwenzake kitabu. Mwanzo walikuwa watatu: Laxmi, Dominiko na Agnes. Tomasi aliingia mwezi wa pili, akauliza kama kuna nafasi.

"Umetokea wapi, baba?" Agnes alimwuliza siku hiyo.

"Tabora, mama. Nimekaa sana huko."

"Kumbe mtani wetu," Agnes akasema, na alifurahi kweli. Wanyamwezi na Waluguru wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani ni mtu wa raha: anakutolea maneno yote na wewe huna ruhusa ya kununa. Tomasi alimtazama kidogo, kisha akatabasamu.

Kuanzia hapo hakumpa Dominiko nafasi ya kupumua. Dominiko alikuwa hakimu mstaafu, mtu wa kukumbuka vitabu ukurasa kwa ukurasa na kusahau sura za watu. Tomasi peke yake ndiye aliyeendelea kumwita mheshimiwa.

"Mheshimiwa, hicho kinene mwachie dada Laxmi," alisema. "Wewe huna muda nacho."

"Nitakimaliza, na wewe nitakuzika," Dominiko alijibu.

"Utanizikaje ukiwa umeshalala? Halafu nyie watu wa mlimani hamfi kitandani. Mnateleza."

Laxmi alicheka mpaka akafuta machozi. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote. Tangu astaafu, watu ama walimwogopa ama walimsahau, na sasa alikuwa amepata wa kumchokoza. Ijumaa tu ikifika, alianza kupiga pasi shati la kesho yake.

Agnes ndiye aliyekosa raha. Utani aliujua, alikulia ndani yake. Lakini mtani husema huku anacheka, na huyu alikuwa akisema taratibu, macho kwenye kitabu. Siku hiyo ya kurasa arobaini alimnong'oneza mumewe kwa Kiluguru kwamba waondoke. Tomasi akasogeza kiti chake, akawapisha.

Nyumbani akatoa lililokuwa moyoni. "Baba Upendo, mwambie aache. Mimi naogopa."

"Nimnunie mtani? Nikasemeje mbele za watu, hakimu mzima nimetishika kwa utani?" Dominiko alicheka, akafungua kitabu chake.

Agnes akaenda kuwasha jiko. Mtani hanuniwi, na aliyemkaribisha ni yeye mwenyewe.

Wiki iliyofuata Tomasi alileta kijitabu cha kurasa kumi na sita, kimebanwa kwa pini mbili. "Hiki utakimaliza, mheshimiwa," alisema. "Na ukikimaliza usingoje Jumamosi. Niletee nyumbani, kuna kimoja cha mwisho nimekuwekea." Alikuwa amepanga chumba mlimani, juu ya Bigwa.

Dominiko alipanda Jumatano. Masika yalikuwa yamekolea, na Agnes alimsihi angoje njia ikauke. Alijibu kwamba kitabu kizuri hakingojeshwi, akachukua mwavuli.

Asubuhi ya Alhamisi wakulima wa mboga waliokuwa wakishuka sokoni walimkuta korongoni, chini ya njia, kijitabu kimelowa mfukoni. Polisi walisema ni utelezi. Tomasi alisema alimngoja mpaka giza likaingia, hakumwona. Majirani walisema maneno huumba, wakaishia hapo.

Agnes naye alijilazimisha kuamini. Kumshuku mtani ni aibu, tena msibani.

Walimzika Ijumaa. Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuumiza kuliko vilio. Kwao mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Alikihitaji kicheko hicho. Alimhitaji mtu wa kumrudishia Dominiko, hata kwa dakika tano.

Jumapili Tomasi alikuja, akasalimia wote kwa adabu, akaketi ukingoni mwa mkeka bila neno. Agnes alimwita karibu. Pembeni yake alikuwa ameweka koti jeusi la mumewe, lile alilolivaa mahakamani, na miwani yake.

"Vaa, mtani," alisema. "Tuchekeshe kidogo. Nakuomba."

Tomasi alilipokea koti, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akalirudisha mapajani mwa mjane. Kisha akainama sikioni pake, kama mtu anayetoa pole.

"Si haki yangu kulivaa, mama," alisema kwa Kiluguru kilichonyooka. "Mimi ni wa Matombo, Mluguru mwenzenu. Tabora alinipeleka mumeo, kifungo cha miaka kumi na minne."