Sahani ya Mbonea

Ukishasimulia jambo kwenye Taasisi ya Historia ya Milimani, linabaki Taasisi. Kichwani mwako halipo tena. Sheria inataka kumbukumbu iwe moja, isiyochuja wala kutiwa chumvi. Mimi ni mtafiti pale. Nimewarekodi wazee mia mbili na sijawahi kukosa usingizi.

Jana nilimpeleka mama yangu. Tulikubaliana asimulie mfereji wa kijiji tu: nani aliuchimba, koo zipi ziligawana maji. Lakini mama hajui kusimulia mfereji bila mafuriko, na alipofika kwenye mafuriko akamtaja Mbonea, kaka yangu. Nilipaswa kuzima kinasa sauti. Sikuzima. Kazini tunafundishwa kutomkatiza msimulizi, na, Mungu anisamehe, alikuwa anasimulia vizuri mno.

Leo tangu asubuhi nazunguka tu humu ndani, kiti hakikaliki. Mchana mama amepika makande, akapakua sahani tatu. Kwa miaka thelathini, sahani ya tatu imekuwa ya Mbonea, na hakuna aliyeigusa. Akaiweka mezani, akaikodolea macho.

"Nakijwa, tuna mgeni?"

"Hapana, mama."

"Sasa hii nimempakulia nani?"

Nikashindwa kumdanganya. "Mbonea. Alisombwa na mafuriko akiwa na miaka tisa."

Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za msiba wa kijiji cha mbali.

"Maskini," akasema, huku mkono wake ukiifunika sahani ile kwa kawa, isipoe. "Na mama yake, aliishije baada ya hapo?"