Kiti cha Siku ya Ukaguzi

Kila wakija wakaguzi wa elimu maalumu, kiti cha magurudumu hutolewa stoo, hufutwa vumbi, na hukalishwa mtoto mwenye miguu yake mizima. Wenye ulemavu huambiwa wabaki nyumbani. Mwanakheri, mpishi wa uji wa shule, aliyajua hayo yote na akanyamaza, asije akafukuzwa kazi. Safari hii bintiye Subira alikataa kubaki. Alitambaa njia nzima, akafika getini magoti yanavuja damu.

“Mfiche huyu, mkaguzi asimwone!” Mwalimu Mkuu alimnong'oneza Mwanakheri, huku akimburuta Subira kwa mkono hadi jikoni kama gunia la mkaa.

Mwanakheri aliuchomoa mwiko kwenye sufuria. Pigo la kwanza lilimpata mwalimu begani, la pili mdomoni, jino likaruka pamoja na uji wa moto. Mkaguzi, aliyekuwa uani mbele ya jiko, akapiga yowe. Mtoto aliyekalishwa kitini akachomoka mbio, kiti kikapinduka.

“Mama, basi! Utamuua!” Subira alipaza sauti.

Mwanakheri hakusikia. Mwiko ulipanda tena. Pale uani magurudumu yalikuwa bado yanazunguka hewani, na Subira alikuwa ameshaanza kuyatambalia.