Saa Thelathini na Mbili za Bi Siwema

Siku hizo picha za Kijapani zilikopeshwa majumbani kwa mwezi mmoja, na karatasi yenyewe iliweka kumbukumbu ya macho yote yaliyoitazama. Nyumba isiyotazama haikukopeshwa tena.

Rukaya hakuwa na wasiwasi. Mwezi mzima aliwaalika mashoga zake sebuleni, akawamiminia kahawa huku akiisifia picha waliyokopeshwa, mvua iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa chapa, utadhani yeye ndiye aliyeichonga. Mama mkwe wake, Bi Siwema, aliambiwa akasukie mikeka yake uani, asije akamwaibisha Rukaya mbele ya wageni.

Mkaguzi alipokuja aliipapasa karatasi, majina yakajitokeza. Rukaya, dakika nne. Bi Siwema, saa thelathini na mbili.

"Uliona nini humu, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Watu sita wanavuka daraja, mvua inawapiga. Mmoja hana mwavuli, na hakuna anayemkaribisha chini ya mwavuli wake. Kila alfajiri nilikuja kumtazama yule."

Uso ulimwaka Rukaya. Lau ardhi ingepasuka, angeingia.

"Basi picha ya mwezi huu nimwandikie nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mwandikie mwanangu huyu," alisema Bi Siwema. "Mimi nilimshikia zamu tu."

Ikatundikwa picha ya kisasa, msichana wa katuni mwenye macho yaliyojaa nusu ya uso. Rukaya alisimama mbele yake, akashindwa kuinua kichwa. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akikunja mkeka, akirudi uani bila kuambiwa.