Mzizi Ulionenepa Njiani

Wanyama wa nchi tatu walipelekeana vifurushi. Kila posta ilipima kifurushi, kisha ikamtuma njiwa kupeleka uzito wake mbele, kabla mchukuzi hajafika.

Swala alisubiri mzizi mbichi kutoka nchi ya kwanza, dawa ya mwanawe mwenye homa. Mchukuzi, Nguchiro, aliuficha mzizi huo katika nchi ya pili baada ya kupimwa huko, akatia mahali pake jiwe lenye uzito ulioandikwa juu ya kifurushi, kisha akavuka mto wa mpakani.

Korongo, karani wa posta ya mwisho, alipima. "Kobe wa nchi ya kwanza aliandika ratili tano."

"Na ni tano, mzee. Hazikupungua hata chembe," alijisifu Nguchiro.

"Hapo ndipo penye tatizo. Nungunungu wa nchi ya pili alipata nne na nusu, maana mzizi mbichi hukauka. Wako umenenepa kwa kutembea?"

Nguchiro aliona ameshikwa, akacheka. "Haya, nimeiba. Lakini mzizi uko ng'ambo, na mkono wako unaishia mtoni."

"Wangu, ndiyo," alisema Korongo. "Wa Nungunungu unaanzia hapo."

Akamtuma njiwa. Nungunungu alinusa kichaka kwa kichaka, akaupata mzizi na kuuleta mwenyewe. Swala aliuchemsha, na jioni mtoto aliomba chakula.

"Nikupe nini, ndugu yangu?" Swala alimuuliza Nungunungu.

"Hudaiwi shukrani, mama. Kifurushi kikishapita mikononi mwangu, ni amana yangu mpaka kikufikie."